Lugha ya kompyuta ikihama, nani hubeba mizigo?

Wanafunzi wangu wa isimu hukubali upesi kwamba lugha hubadilika. Ukiwaambia kwamba Kiswahili cha Muyaka si hiki tunachokisema leo, hutikisa vichwa na kuandika. Wanaponikatalia ni pale ninapodai kwamba lugha za kompyuta nazo hubadilika, tena wakati mwingine kwa kishindo kuliko lugha za watu. Hudhani kwamba mashine ikishafundishwa jambo, basi, imemaliza.

Haijamaliza. Na leo, msomaji, ningependa tuitazame historia ya mabadiliko hayo kutoka mahali ambapo wengi hawangetarajia: ukanda wa Busia, Malaba na Port Victoria, mpakani mwa Kenya na Uganda. Huku si kwenye majumba ya vioo ya jijini Nairobi. Lakini ni huku ambako mgonjwa aliyefungua faili miaka 15 iliyopita anategemea kwamba faili hiyo itasomeka kesho.

Tuanze na istilahi. Lugha ya programu ni mfumo wa ishara na kanuni ambao mtu huutumia kuiamuru kompyuta. Python ni mojawapo, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991. Java ni nyingine, iliyotangazwa mwaka 1995. Juu ya lugha hizo watu hujenga viunzi. Neno kiunzi latokana na kitenzi unda, kama vile mlinzi latokana na linda na mpenzi latokana na penda. Mafundi wa mashua wa Port Victoria hulielewa jambo hili bila kufundishwa na profesa yeyote: chombo hakisimami bila mbavu. Kiunzi cha wavuti ndizo mbavu hizo. Mmoja huzitengeneza, wengine huja kupigilia mbao zao juu yake. Kiunzi kikiwa huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuutumia na kuurekebisha, mtu wa Busia ana haki sawa na mtu wa Indiana.

Sasa, lugha iliyo chini ikitoa toleo jipya, mbavu zile hulazimika kurekebishwa. Kazi hiyo ndiyo ninayoiita uhamishaji. Si tafsiri, maana lugha ni ile ile. Si uhariri tu, maana baadhi ya maneno ya zamani hayakubaliki tena. Ni kama kumwambia mwandishi wa mwaka 1890 akiandike upya kitabu chake kwa tahajia ya leo, asibadilishe hoja hata moja, na wasomaji wawe wanaendelea kukisoma wakati anapoandika.

Mfano wetu wa kwanza ulianzia Nandi. Februari 2001, kituo cha afya cha Mosoriot kilianza kutumia mfumo wa kielektroniki wa kuweka kumbukumbu za wagonjwa. Ulibuniwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, na ulijengwa kwa Microsoft Access, programu ya kawaida ya ofisini. Ulifaa kituo kimoja. Lakini mwaka huo huo ushirikiano wa vyuo hivyo, unaojulikana kama AMPATH, ulianza kuwatibu watu wenye virusi vya HIV, na idadi ya wagonjwa ikapanda haraka. Mfumo wa kituo kimoja ukawa kama kanzu ya mtoto iliyovalishwa mtu mzima.

Mwaka 2004 madaktari wawili wa Indiana, Burke Mamlin na Paul Biondich, walikuja Eldoret kusaidia. Badala ya kuitia kanzu ile viraka, walianza kubuni kiunzi kipya cha wavuti kwa lugha ya Java, wakakiacha huria ili nchi nyingine nazo zikitumie. Ndicho OpenMRS. Eldoret ilikuwa ya kwanza duniani kukitumia, Februari 2006. Rwanda ikafuata mwaka huo huo, kisha Afrika Kusini. Tunaozoea kusikia kwamba teknolojia hutufikia ikiwa imechakaa tulikumbuke hilo: hii ilianza kwetu.

Kutoka Eldoret mfumo ulisambaa kwenye vituo vya AMPATH hadi Busia, Amukura na Port Victoria. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, wahudumu walitembea boma kwa boma kote Bunyala wakiwapima watu HIV nyumbani kwao na kunakili majibu kwenye vifaa vya kielektroniki vya mkononi. Mimi ni mzaliwa wa pande hizo, na najua maana ya jambo hilo kwa nchi ambayo Mto Nzoia ukivunja kingo zake, karatasi huwa za kwanza kuharibika. Mwenye faili ya manila hupoteza historia yake kwa usiku mmoja. Mwenye faili iliyohifadhiwa Eldoret hupoteza godoro, lakini daktari bado atajua alianza dawa lini.

Kilichonivutia zaidi kama mwanaisimu ni moyo wa kiunzi hicho. Ndani yake mna kamusi ya dhana. Kila jambo ambalo daktari anaweza kulirekodi limepewa namba, na namba ndiyo inayohifadhiwa. Katika kamusi iliyotoka AMPATH, uzito wa mgonjwa kwa kilo ni 5089. Jina linaloonekana kwenye skrini laweza kuwa la Kiingereza, Kifaransa au Kiswahili. Namba haibadiliki. Wanafunzi wa Saussure watatabasamu: kiashiria kimetenganishwa na kiashiriwa, tena na wahandisi ambao pengine hawakuwahi kuhudhuria hata mhadhara mmoja wa semantiki.

Miaka ikaenda. Machi 2014 lugha ya Java ilitoa toleo la 8, lenye njia mpya za kueleza mambo ambayo awali yalihitaji mistari mingi. Java ina sifa ya kuheshimu wazee: msimbo wa zamani kwa kawaida huendelea kufanya kazi. Tatizo ni kwamba kiunzi hakisimami peke yake. OpenMRS imejengwa juu ya maktaba nyingine huria, kama Spring na Hibernate, na kila maktaba ina matoleo yake na masharti yake. Ukitaka Java mpya, lazima Spring iwe mpya. Spring ikiwa mpya, Hibernate nayo. Kisha moduli zote zilizoandikwa na watu mbalimbali katika nchi mbalimbali zapaswa kupimwa upya, moja baada ya nyingine. OpenMRS ilipotoa jukwaa lake la 2.0 mwaka 2016, Java 8 ikawa sharti. Hata kurasa za zamani ambazo makarani walizizoea ziliondolewa kwenye kiini cha mfumo, zikawekwa kando kama moduli ambayo anayeitaka huiongeza mwenyewe.

Mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani aliacha isimu akaingia katika kazi hii ya programu. Nilimuuliza uhamishaji wa aina hiyo hufanana na nini. "Mwalimu," akaniambia, "si rahisi vile watu hufikiria. Unagusa hapa, kule kunavunjika. Na bosi hawezi ona chochote kipya, kwa hivyo anakuuliza, sasa hiyo miezi yote ulikuwa unafanya nini?"

Kauli hiyo inastahili kuwekwa kwenye fremu. Uhamishaji uliofanikiwa hauonekani. Mgonjwa anakuja, karani anabonyeza, faili inafunguka kama jana. Hakuna utepe wa kukatwa wala mgeni rasmi.

Mabadiliko mengine hayana hata sababu ya kiufundi. Mwaka 2017 kampuni ya Oracle, inayomiliki Java, iliamua kuukabidhi wakfu wa Eclipse upande mmoja wa teknolojia hiyo, ule wa mifumo mikubwa ya seva. Msimbo ukatolewa, lakini jina likabakizwa. Pande mbili hazikuelewana kuhusu matumizi ya neno javax, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa limetangulia majina ya sehemu nyingi za msimbo huo. Suluhisho? Katika toleo la mwaka 2020, javax ikawa jakarta. Kazi ya msimbo ni ile ile, ila kiambishi awali kimebadilika. Maktaba ya Spring ikalifuata jina jipya katika toleo lake la 6, Novemba 2022, na kwa kishindo hicho hicho ikaanza kudai Java 17. Hebu wazia, msomaji, mtu aamue leo kwamba nomino zote za ngeli ya KI-VI zianze kwa silabi nyingine kwa sababu kuna anayeidai KI kuwa mali yake. Maana haitapotea. Lakini kila kitabu, kila kamusi na kila mtihani utahitaji kuandikwa upya, na gharama hiyo haitamfika aliyeanzisha ugomvi.

Tuvuke mpaka sasa. Upande wa Uganda, Wizara ya Afya ilianzisha mwaka 2011 mfumo uitwao mTrac, ambao wahudumu wa vituo vya afya huutumia kutuma ripoti za kila wiki za magonjwa na akiba ya dawa kwa ujumbe mfupi wa simu. Ulijengwa kwa RapidSMS, zana huria iliyoasisiwa na UNICEF, nayo RapidSMS ilijengwa juu ya kiunzi cha Django, ambacho kimeandikwa kwa lugha ya Python. Kwa hivyo Wasamia, ambao mpaka uliwagawa lakini haukuwatenganisha, walijikuta na serikali mbili, mifumo miwili na lugha mbili za programu.

Django kilizaliwa kwenye chumba cha habari. Wasanii wake walikuwa waajiriwa wa gazeti la Lawrence Journal-World, kule Kansas, Marekani, waliohitaji kutengeneza tovuti kwa kasi ya magazeti. Walikitoa huria mwaka 2005. Miaka mitatu baadaye, Desemba 2008, Python ilitoa toleo la 3, na hapa hapakuwa na heshima kwa wazee. Guido van Rossum, mwasisi wa lugha hiyo, na wenzake waliamua kwa makusudi kurekebisha makosa ya msingi hata kama msimbo wa zamani ungevunjika.

Kosa kubwa kuliko yote lilihusu maandishi. Katika Python 2, maandishi ya kawaida yalikuwa mfululizo wa baiti, na lugha ilichukulia bila kuuliza kwamba baiti hizo ni za ASCII, orodha ya alama 128 iliyotungwa Marekani kwa mahitaji ya Kiingereza. Python 3 ikatenganisha mambo mawili: maandishi ni maandishi, ya lugha yoyote duniani kwa mpango wa Unicode, baiti ni baiti. Ukitaka kutoka huku kwenda kule, lazima useme ni kwa njia gani.

Huenda mtu akasema, hilo linatuhusu vipi? Kiswahili kwa hati za Kilatini hakina alama za ajabu juu ya herufi. Ngoja kwanza. Tunayo ritifaa. Andika Budalang'i. Andika Nyong'o, ng'ombe, ng'ambo. Kwetu ritifaa si pambo la uakifishaji. Ni sehemu ya sauti, na bila hiyo neno ni jingine ama si neno kabisa. Ritifaa iliyonyooka, ile ya kwenye kibodi, imo katika ASCII. Iliyopinda, ambayo programu nyingi za kuandikia hukuwekea zenyewe bila kukuuliza, haimo. Katika Python 2, jina lenye ritifaa iliyopinda lingeweza kupita vizuri siku nyingi, kisha siku moja likutane na sehemu ya programu inayotarajia ASCII, na programu izimike kwa hitilafu. Mwanaprogramu wa Kansas mwenye wateja wanaoitwa Smith na Brown angeweza kufanya kazi miaka kumi asiione kasoro hiyo. Wa Busia angekutana nayo mapema.

Python 3 ilimaliza tatizo la kuzimika. Haikumaliza lile la utambulisho. Kwa kompyuta, ritifaa iliyonyooka na iliyopinda bado ni alama mbili tofauti, na mtu mmoja aliyeandikwa kwa njia mbili anaweza kuwa na faili mbili. Dawa yake ni kanuni ya kusawazisha tahajia kabla ya kuhifadhi, na kanuni hiyo lazima iandikwe na mtu anayejua kwamba ng' ni konsonanti. Hapo ndipo mwanaisimu anapopata kazi kwenye meza ya wahandisi.

Django kilichukua miaka mingi kuhama. Toleo la 1.5 la Februari 2013 ndilo la kwanza lililoikubali Python 3, tena kwa majaribio. Mbinu waliyoichagua ilikuwa ya busara: msimbo mmoja unaosomeka katika matoleo yote mawili ya lugha, kwa msaada wa maktaba ndogo iitwayo six, yaani sita, kwa sababu mbili mara tatu ni sita. Kwa takriban miaka mitano wazee na vijana walikula sahani moja. Desemba 2017, Django 2.0 ikaiaga Python 2. Na tarehe 1 Januari 2020 Python 2 yenyewe ikaacha kuhudumiwa na wenyewe. Kutoka toleo jipya hadi kuzikwa kwa la zamani: zaidi ya miaka 11.

Kiswahili nacho kiliwahi kuhamishwa. Kwa karne kadhaa kiliandikwa kwa hati za Kiarabu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, tahajia ya Kilatini ikawa ndiyo ya shule na vitabu. Faida zake tunazijua. Hata makala haya ni matunda yake. Lakini hapakuwa na "six" ya kuwawezesha wasomaji wa hati mbili kula pamoja. Wazee waliojua kusoma na kuandika kwa ufasaha walilala wakiwa wasomi, wakaamka wakihesabiwa miongoni mwa wasiosoma.

Kilichookolewa kiliokolewa na watu. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa tunayo kwa sababu, katika karne ya 19, Mwalimu Sikujua alishirikiana na mmishonari William Taylor kuyakusanya na kuyanakili. Diwani ikachapishwa na William Hichens mwaka 1940, miaka mia moja hivi baada ya kifo cha mshairi. Hati za Kiarabu hazikuonyesha kila sauti ya Kimvita, kwa hivyo kuhamisha shairi kulihitaji mtu aliyeisikia lahaja hiyo tangu utotoni. Mashine ya kugeuza herufi kwa herufi isingetosha. Taylor bila Sikujua angepata maumbo, si maneno.

Hilo ndilo funzo ninalolitoa kwa historia hizi. Kinachohamishwa ni maana, na maana hulindwa na watu wanaoijua. Namba 5089 itabaki uzito kwa kilo iwapo tu atakuwapo mtu anayejua hivyo na anayehakikisha hivyo kila toleo linapobadilika.

Wapo watakaosema: kama mfumo unafanya kazi, kwa nini kuusumbua? Hoja hii ina mvuto, hasa kwa anayeshika mkoba. Lakini toleo lililoachwa halipati tena viraka vya usalama. Desemba 2021 kasoro mbaya iligunduliwa katika Log4j, maktaba inayotumiwa na programu nyingi za Java duniani, na ikaruhusu wavamizi kuendesha amri zao kwenye seva za watu. Waliokuwa na mafundi walipata viraka katika siku chache. Faili za wagonjwa wa HIV si kitu cha kuachia bahati, hususan katika miji midogo ambako siri ya mmoja ikitoka, soko zima linajua kabla ya adhuhuri.

Basi, nani hubeba mizigo? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa: mfadhili. Programu ni huria, lakini saa za mwanaprogramu si za bure, na sehemu kubwa ya saa hizo zililipwa na fedha za Marekani za kupambana na Ukimwi. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na wafanyakazi wengi wa miradi ya afya nchini wakajikuta nje ya kazi ghafla. Tulizungumza sana kuhusu dawa, na ilikuwa haki yetu kuzungumza. Kuhusu wale wanaojua mfumo umefungwa vipi na namba zipi zina maana gani, hatukusema mengi. Dawa inaweza kununuliwa mwezi ujao. Ujuzi uliotawanyika haununuliki kwa zabuni.

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, serikali za kaunti na Wizara ya Afya zitenge fedha za kuhamisha mifumo kila mwaka, kama zinavyotenga za kukarabati barabara, si za kuizindua tu. Pili, vyuo vikuu vyetu vya magharibi, kuanzia Moi na Maseno hadi Masinde Muliro, vifanye ukarabati wa programu huria kuwa sehemu ya mafunzo. Mwanafunzi aliyehamisha moduli moja hadi Java mpya amejifunza zaidi ya yule aliyetunga programu kumi za mtihani. Tatu, sisi wa idara za Kiswahili tuache kubishania tarakilishi na ngamizi pekee. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishatuonyesha njia mwaka 2004 walipoitafsiri OpenOffice kwa Kiswahili wakaiita Jambo. Lakini tafsiri ya programu haina mwisho: kila toleo huja na vifungu vipya, na asiyefuatilia hujikuta na kazi nzuri iliyoshikamana na chombo ambacho hakisafiri tena.

Lugha zitaendelea kuhama, za watu na za mashine. Hatutaulizwa ruhusa. Tutakachoulizwa, na watu wenye majina yenye ritifaa ndani yake, ni kama tuliwahamisha pamoja nazo.